Landilodi Amekataa Kurefusha Mkataba wa Duka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapangaji wa Kenya

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye duka, kinyozi, fundi wa nguo, mwenye hoteli ya chakula na yeyote mwingine nchini Kenya anayepanga mahali pa kufanyia biashara, kisha akaambiwa kwamba mkataba wake ukiisha hautarefushwa. Sheria inayomhusu zaidi ni Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, yaani Sura ya 301, iliyoanza kutumika mwaka 1965. Maelezo yake ya mwanzo kabisa yanasema kwamba imetungwa ili kuwalinda wapangaji dhidi ya kufukuzwa na kunyonywa. Nyumba za kuishi zina sheria zake, nazo zimejibiwa karibu na mwisho. Msomaji aliye Tanzania au Uganda asiyatumie majibu haya kama yalivyo, kwa kuwa nchi hizo zina sheria nyingine.

Mkataba wangu wa miaka miwili umekwisha na landilodi amesema harefushi. Je, ni lazima nihame siku hiyo?

Kwa wapangaji wengi wa maduka, hapana. Kifungu cha 4 cha Sura ya 301 kinasema kwamba upangaji unaolindwa na sheria hiyo hauwezi kwisha wala kukomeshwa, na hakuna sharti lake linaloweza kubadilishwa, isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria yenyewe, hata kama mkataba wenu au sheria nyingine inasema vingine. Kwa hiyo tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba ikifika, kinachokwisha ni karatasi. Upangaji unaendelea, kwa kodi ile ile na masharti yale yale, hadi ukomeshwe kwa njia ya halali.

Jambo hili huwashangaza wenye nyumba na wapangaji vilevile. Landilodi anaposema kwa simu au kupitia kwa keateka kwamba hana nia ya kurefusha, ameeleza anachotaka, lakini kisheria hajafanya lolote bado. Ili upangaji ukome bila ridhaa yako, sharti akuletee notisi rasmi yenye sababu inayotambuliwa na sheria, na ukiipinga, sharti Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, yaani chombo kinachoamua migogoro ya upangaji huu, likubaliane naye. Njia nyingine ya upangaji kukoma ni wewe mwenyewe kukubali kuondoka na kukabidhi funguo, na kwa masikitiko makubwa nasema kwamba hiyo ndiyo njia inayotumika zaidi. Wapangaji wamefungasha bidhaa usiku kucha kwa sababu ya simu moja, wakaacha duka walilolijenga kwa miaka, ilhali sheria ilikuwa upande wao asubuhi ile.

Nitajuaje kama upangaji wangu unalindwa?

Tazama mambo matatu: matumizi ya jengo, mkataba wenyewe, na mwenye jengo ni nani.

Kuhusu matumizi, neno "duka" katika sheria hii ni pana kuliko tunavyolitumia sokoni. Linahusu jengo au chumba kinachotumiwa kabisa au kwa sehemu kubwa kwa biashara ya rejareja au ya jumla, au kwa kutoa huduma kwa malipo. Kwa hiyo kinyozi, saluni, duka la dawa, karakana, kliniki ya binafsi na ofisi ya mhasibu vinaingia. Hoteli ni mahali penye malazi ya watu wazima watano au zaidi kwa malipo, na mkahawa ni mahali panapouzwa chakula au kinywaji cha kuliwa au kunywewa papo hapo.

Kuhusu mkataba, upangaji unalindwa iwapo haukuandikwa. Au iwapo uliandikwa lakini muda wake hauzidi miaka 5. Au iwapo muda unazidi miaka 5 lakini ndani yake mna kipengele kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka 5 kwisha, kwa sababu isiyokuwa uvunjaji wa masharti. Aina hii ya tatu husahaulika sana. Mtu ana mkataba wa miaka 6, anaamini hana ulinzi wowote, kumbe ukurasa wa nne una sentensi isemayo kwamba upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya miezi mitatu. Sentensi hiyo moja inaurudisha upangaji wake ndani ya Sura ya 301. Soma mkataba wako wote, pamoja na jedwali la mwisho, kabla ya kuamini neno la mtu yeyote kuhusu haki zako.

Kuhusu mwenye jengo, upangaji ambao Serikali au mamlaka ya serikali za mitaa ni mmoja wa wahusika haulindwi na sheria hii. Anayepanga kibanda cha soko kutoka kwa serikali anapaswa kuangalia masharti ya leseni au mkataba wake na kutafuta ushauri wa peke yake.

Mkataba wangu ni wa miaka mitano na miezi mitatu. Kwa nini miezi hiyo mitatu?

Kwa sababu ya sheria hii hii. Mkataba wa miaka 5 kamili unalindwa. Mkataba wa miaka 5 na miezi 3 usiokuwa na kipengele cha kuuvunja mapema haulindwi. Mawakili wa wenye majengo wanajua hesabu hiyo vizuri, na ndiyo sababu muda huo wa ajabu unakutana nao katika majengo mengi ya biashara ya Nairobi, Mombasa na miji mingine. Si kosa kisheria, na mpangaji mwenye mtaji mkubwa anaweza hata kuupenda, kwa kuwa unamhakikishia kodi na mahali kwa muda wote huo. Lakini anayetia sahihi anapaswa kuelewa kwamba ameacha ulinzi wa Sura ya 301, na kwamba siku muda utakapokwisha, mwenye jengo hatalazimika kutoa sababu yoyote ya kutorefusha.

Katika mkataba wa namna hiyo, kinga yako kubwa ni kipengele cha haki ya kurefusha, kama mlikiweka. Kipengele hicho huwa na masharti: mpangaji atoe taarifa kwa maandishi, mara nyingi miezi mitatu au sita kabla ya mwisho, awe amelipa kodi yote, na asiwe amevunja sharti lolote. Tarehe hiyo ikipita bila barua yako, haki hiyo kwa kawaida imepotea, na huruma ya landilodi ndiyo inayobaki. Iandike kwenye kalenda ya ukutani siku ile ile unayotia sahihi. Hakikisha pia kwamba kipengele kinaeleza jinsi kodi mpya itakavyopatikana, kwa mfano kwa asilimia fulani au kwa uamuzi wa mthamini, kwa sababu kipengele kinachosema tu "kodi itakayokubaliwa" humwachia landilodi nafasi ya kutaja kodi isiyolipika na kusema kwamba hakukataa kurefusha.

Muda ukiisha nawe ukabaki ndani, huku landilodi akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinauhesabu upangaji wenu kuwa wa mwezi kwa mwezi. Na kwa kuwa upangaji huo mpya haukuandikwa, kuna hoja nzito ya kisheria kwamba sasa umeingia chini ya Sura ya 301. Hapo wakili anahitajika, na risiti za miezi hiyo miwili ni mali, zitunze.

Hatukuandikiana chochote na landilodi. Nina haki gani?

Unalindwa kikamilifu. Upangaji wa duka usioandikwa ndio wa kwanza kutajwa na sheria katika orodha ya upangaji unaolindwa. Unachohitaji ni uthibitisho kwamba upangaji upo: ujumbe wa M-Pesa, stakabadhi za benki, daftari la risiti, leseni ya biashara ya kaunti yenye anwani ya jengo hilo, bili ya stima, hata majirani.

Notisi halali inafananaje?

Ni fomu iliyowekwa na kanuni za sheria hii, inayojulikana kama Fomu A. Kama ulichopokea ni barua ya kawaida, hata ikiwa na nembo ya wakili na muhuri mwekundu, ichunguze kwa makini, kwa maana barua isiyofuata muundo huo na matakwa yake haina nguvu ya kukomesha upangaji. Ujumbe wa WhatsApp na karatasi iliyobandikwa kwenye shata ya duka viko katika kundi hilo hilo.

Notisi yenyewe lazima itaje sababu ambayo mwenye jengo anaitegemea, itaje tarehe ya kuanza kutumika, na ikutake umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au unakataa. Inapaswa kukufikia wewe binafsi, au mtu mzima wa familia yako, au mfanyakazi wako aliye katika jengo hilo, au kwa posta ya rejista kwenye anwani yako ya mwisho inayojulikana. Kwa hiyo mwambie kijana wako wa dukani kwamba karatasi yoyote atakayokabidhiwa aandike juu yake siku na saa, kisha akupigie simu papo hapo. Notisi iliyolala wiki tatu kwenye droo ya kaunta imeshakula sehemu kubwa ya muda wako.

Tarehe ndiyo mahali ambapo notisi nyingi huanguka. Sheria inataka isipungue miezi miwili tangu siku ulipoipokea, wala si tangu siku ilipoandikwa. Kama mkataba wenu unataka muda mrefu zaidi ya huo, basi muda wa mkataba ndio unaofuatwa. Zaidi ya hapo, tarehe ya kukoma haiwezi kutangulia siku ambayo upangaji ungeweza kukoma hata kama sheria hii isingekuwapo. Tuchukue mfano. Mama mwenye hoteli hulipa kodi tarehe 1 ya kila mwezi na hana mkataba wa maandishi. Notisi imeandikwa tarehe 26 Februari, akaipokea tarehe 5 Machi, nayo inamtaka awe ametoka tarehe 30 Aprili. Kuanzia 5 Machi, miezi miwili inatimia tarehe 5 Mei, kwa hiyo tarehe 30 Aprili imepungua. Na kwa kuwa upangaji wake ni wa mwezi kwa mwezi na hukamilika mwishoni mwa mwezi, tarehe ya mapema zaidi iliyo sahihi ingekuwa 31 Mei.

Hata hivyo, mama huyo asikae kimya kwa kujiamini kwamba notisi ni mbovu. Ajibu, na afungue shauri, kisha ubovu wa notisi uwe hoja yake ya kwanza mbele ya Baraza.

Je, sheria inaruhusu notisi fupi kuliko miezi miwili?

Ndiyo, endapo nyote wawili mmekubaliana kwa maandishi. Ndiyo maana nakusihi usitie sahihi "karatasi ya kawaida tu" inayoletwa na keateka pamoja na risiti ya kodi kabla hujaisoma yote.

Landilodi anaweza kutoa sababu zipi?

Kifungu cha 7 kimezitaja, na asiyekuwa na mojawapo hawezi kukutoa. Zipo zinazotokana na mwenendo wa mpangaji: kuacha jengo liharibike ilhali ukarabati ni wajibu wake, kutolipa kodi kwa miezi miwili baada ya kodi hiyo kustahili kulipwa, au kuchelewesha kodi kila mara, na kuvunja kwa kiasi kikubwa wajibu mwingine wa upangaji. Zipo zinazotokana na mwenye jengo kukupa mahali pengine panapokufaa, au kutaka kupangisha jengo zima kwa pamoja wakati wewe ulipangishiwa kipande tu na mpangaji mwingine.

Zinazoleta ugomvi mwingi ni mbili za mwisho. Ya kwanza ni kwamba mwenye jengo anakusudia kulibomoa, kulijenga upya au kulifanyia kazi kubwa ambayo haiwezekani nawe ukiwa ndani. Ya pili ni kwamba yeye mwenyewe anakusudia kulitumia kwa biashara yake au kama makazi yake kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Neno la kushika katika zote mbili ni "anakusudia". Kusudio huthibitishwa. Anayesema atabomoa aulizwe: michoro iko wapi, imeidhinishwa na kaunti, pesa za ujenzi zitatoka wapi, mkandarasi ni nani? Kama kazi yenyewe ni kupaka rangi na kubadilisha paa la mabati kwa siku kumi, mpangaji anaweza kuonyesha kwamba hakuna haja ya yeye kuondoka. Anayesema anataka kufungua biashara yake aulizwe biashara gani, kwa mtaji upi, na kwa nini jirani ameshaonyeshwa chumba hicho hicho na kutajiwa kodi mpya. Maswali haya si utovu wa adabu kwa landilodi; ndiyo kazi ya Baraza, na mpangaji ana haki ya kuyauliza.

Angalia kwamba "nimepata mtu wa kulipa zaidi" haimo katika orodha. Wala "mkataba umekwisha" haimo.

Nimepokea notisi na sikubaliani nayo. Nifanye nini, na kwa muda gani?

Kuna hatua mbili, na watu wengi huifanya moja wakasahau nyingine. Hatua ya kwanza ni kumwandikia landilodi ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea notisi, ukimwambia kwamba hukubali kuitekeleza. Barua hiyo haihitaji ufasaha wala vitisho. Andika tarehe uliyopokea notisi, taja jengo na namba ya chumba, sema kwamba hukubaliani na notisi na hutaitekeleza, weka sahihi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea.

Hatua ya pili ni kupeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo wengi wanalijua kwa herufi BPRT, kabla ya tarehe ambayo notisi inaanza kutumika. Shauri likishafunguliwa, notisi inasimama na haina nguvu hadi Baraza liamue. Huo ndio uzito wa hatua hii: siku ile ile unayofungua shauri, saa iliyokuwa ikikuhesabia inazimwa.

Usipochukua hatua hizi kwa wakati, kifungu cha 10 kinaifanya notisi ianze kutumika tarehe iliyotajwa, na hapo hata landilodi mwenye sababu dhaifu anaweza kupata alichotaka. Wapangaji wengi niliowaona wakipoteza maduka hawakushindwa kwa hoja. Walinyamaza, wengine kwa woga, wengine kwa kuamini kwamba wataelewana kwa chai.

Nimechelewa. Je, yamekwisha?

Huenda bado. Baraza lina uwezo wa kuruhusu shauri la aliyekosa kutimiza masharti ya muda, ikiwa ana sababu ya kutosha, kwa mfano ugonjwa, au notisi iliyopelekwa mahali pasipo sahihi. Nenda leo, na ubebe ushahidi wa sababu hiyo.

Je, niendelee kulipa kodi wakati kesi inaendelea?

Ndiyo, tena kwa siku yake na kwa kiasi kile kile cha zamani. Usithubutu kuacha. Mpangaji anayeacha kulipa kwa hasira humpa landilodi sababu halali ambayo hakuwa nayo, na Baraza halitamwonea huruma aliyekaa bure kwa miezi sita akidai haki.

Tatizo hutokea landilodi anapokataa kupokea, mara nyingi kwa ushauri, ili baadaye aseme kwamba hukulipa. Anaweza kufunga namba ya malipo, au kukurudishia pesa kwa M-Pesa dakika tano baada ya kuzituma. Hifadhi ujumbe wote, wa kutuma na wa kurudishiwa, mwandikie kwamba kodi ya mwezi fulani ililetwa ikakataliwa, kisha liombe Baraza liamuru mahali pa kuiweka. Pesa hizo zitenge. Zisiingie kwenye mzunguko wa kununua bidhaa.

Hakukataa kurefusha, ila amepandisha kodi mara mbili. Je, hilo ni jambo jingine?

Kisheria ni lile lile. Kodi ni sharti la upangaji, na kifungu cha 4 hakimruhusu kulibadilisha bila notisi rasmi ya miezi miwili. Ukiipinga, Baraza ndilo litakaloamua kodi inayofaa, kwa kuangalia kodi za majengo yanayolingana na hilo katika eneo hilo, kwa hiyo anza mapema kuwauliza wapangaji wenzako wanalipa kiasi gani na kwa chumba cha ukubwa gani. Hadi uamuzi utoke, kodi ya zamani ndiyo unayodaiwa.

Amefunga duka langu kwa kufuli usiku, na bidhaa zimo ndani.

Hiki si kitendo cha sheria, hata kama mkataba umekwisha na hata kama unadaiwa. Vilevile kukata stima au maji ili uondoke ni kuondoa huduma uliyokuwa ukiipata chini ya upangaji wako, jambo ambalo kifungu cha 4 kinalikataza bila notisi. Piga picha za kufuli, za shata na za watu waliopo, andika orodha ya bidhaa zilizofungiwa pamoja na thamani yake wakati kumbukumbu ni mbichi, piga ripoti polisi upate namba ya OB, kisha uende kwenye Baraza siku hiyo hiyo na ombi la dharura. Kifungu cha 12 kinaliruhusu Baraza kuchunguza lalamiko lolote kuhusu upangaji unaolindwa na kutoa amri linayoona inafaa, hata kama hakuna notisi iliyotolewa.

Dalali akija kukamata mali kwa ajili ya malimbikizo ya kodi, muulize amri yake iko wapi. Katika upangaji unaolindwa, ruhusa ya kukamata mali kwa ajili ya kodi hutolewa na Baraza. Usipigane naye, soma karatasi, ipige picha, na umpigie wakili.

Jengo limeuzwa na mwenye jengo mpya anasema hanijui.

Hahitaji kukujua. Kwa sheria hii, mwenye nyumba ni yule anayestahili kupokea kodi kwa wakati huo, na anayelinunua jengo analipokea pamoja na upangaji uliomo. Naye pia atafuata njia ya Fomu A. Kabla ya kuanza kumlipa yeye, omba barua kutoka kwa mwenye jengo wa zamani inayothibitisha mauzo, ili usije ukalipa kodi mara mbili.

Nililipa gudwili nilipoingia, na nimetengeneza duka kwa pesa zangu. Nitarudishiwa?

Hapa neno moja linatumiwa kwa vitu viwili, na utata huo umewagharimu watu pesa nyingi. Gudwili ya mtaani ni pesa anazotoa mpangaji mpya, kwa landilodi au kwa mpangaji anayetoka, ili apate chumba mahali penye wateja. Pesa hizo mara nyingi hutolewa bila risiti, na Sura ya 301 haisemi kwamba zitarudishwa utakapotoka. Jambo ambalo sheria inalizungumzia ni jina la biashara na mazoea ya wateja wako, yaani thamani inayopotea kwa sababu umehamishwa mahali walipokuzoea. Baraza lina uwezo, chini ya kifungu cha 12, kukupa fidia kwa hasara hiyo upangaji unapokomeshwa, na pia kwa maboresho uliyoyafanya kwa ridhaa ya mwenye jengo.

Maneno "kwa ridhaa" ndiyo yanayoamua. Aliyeweka vigae, dari na milango ya vioo bila kibali ana kazi ngumu. Kabla ya kumwita fundi, mwandikie landilodi ujumbe mfupi ukieleza unachotaka kufanya na gharama yake, na jibu lake la "sawa, endelea" lihifadhi pamoja na risiti za vifaa. Kwa upande wa biashara, vitabu vya mauzo ya miaka miwili au mitatu vitakusaidia kuliko maneno matamu kuhusu wateja wako.

Na amana niliyoweka?

Hiyo inaongozwa na mkataba wenu. Siku ya kukabidhi funguo, pitieni chumba pamoja, piga picha kila ukuta, na mwandikiane kilichoharibika na kisichoharibika.

Mimi nimepanga nyumba ya kuishi. Haya yote yananihusu?

Kwa sehemu ndogo tu, na naona ni upungufu mkubwa katika sheria zetu. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa nyumba za kuishi dhidi ya kutolewa bila sababu, lakini ni kwa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimepitwa na bei za leo kiasi kwamba chumba kimoja katika mitaa mingi ya Nairobi hakimo tena. Aliye ndani ya kiwango hicho ana baraza lake, na mwenye nyumba anayemsumbua kwa makusudi ili ahame anatenda kosa la jinai.

Anayelipa zaidi ya hapo anategemea mkataba wake na Sheria ya Ardhi ya 2012. Mkataba wa mwaka mmoja ukiisha, landilodi anaweza kukataa kurefusha bila kueleza sababu. Lakini kama hamkuandikiana, upangaji wenu ni wa vipindi, kwa kawaida mwezi kwa mwezi, na notisi haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Na kama mkataba ulikwisha ukabaki ndani naye akapokea kodi kwa miezi miwili, umeingia katika upangaji wa mwezi kwa mwezi na unastahili notisi ya mwezi mmoja. Anayekataa kutoka baada ya hapo apelekwe mahakamani. Vyombo vyake havitupwi barabarani kwa mikono ya keateka.

Nahitaji wakili ili kwenda kwenye Baraza?

Unaweza kwenda mwenyewe, na wenye maduka wengi hufanya hivyo. Beba notisi, barua yako ya kukataa, mkataba kama upo, na uthibitisho wa kodi ya angalau mwaka mmoja, vyote vikiwa vimepangwa kwa tarehe. Lakini kama mkataba wako unazidi miaka 5, au landilodi anabisha kwamba upangaji unalindwa, tafuta wakili mapema. Baraza likiona kwamba upangaji haulindwi, halina mamlaka ya kukusikiliza, na itabidi uanze upya mahakamani huku siku zikienda.

Baraza likiamua dhidi yangu, nitatolewa siku hiyo hiyo?

Baraza linaweza kuikubali notisi ilivyo, kuirekebisha, au kuitupilia mbali. Likiikubali, amri yake hutaja siku ya kuondoka, na mpangaji aliyelipa kodi vizuri anaweza kuomba apewe muda wa kutafuta mahali pengine na kuuza bidhaa alizonazo. Liombe hilo waziwazi mbele ya Baraza, ukieleza una bidhaa kiasi gani na wafanyakazi wangapi, kwa kuwa usipoliomba huenda lisifikiriwe. Usiporidhika, una siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na pamoja na rufaa uombe amri ya kusimamisha utekelezaji, kwa sababu kukata rufaa peke yake hakumzuii dalali.

Na notisi ikitupiliwa mbali, landilodi hawezi kurudi mwezi unaofuata na notisi nyingine juu ya jambo lile lile. Sheria inamtaka asubiri miezi 12, au miaka 2 ikiwa uamuzi ulihusu kiwango cha kodi, isipokuwa Baraza lenyewe limetaja muda mfupi zaidi. Nakala ya uamuzi huo iliyothibitishwa iweke pamoja na leseni yako ya biashara, mahali ambapo hata kijana wako wa dukani anaweza kuitoa siku atakapokuja mtu na karatasi mpya.